Betri ya Miaka Kumi

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa wote waliobaki. Sisi wazima, goti langu tu ndilo limekuwa kaidi.

Nimefunga sola. Fundi aliuliza, "Mzee, betri ya miaka miwili au ya kumi?"

Nikacheka. "Kumi ya nini? Mimi mpita njia, narudi kwetu."

"Mzee wangu, njia gani hiyo ya miaka thelathini?"

Nikachukua ya kumi.

Ungekiona kidhibiti chaji! Kisanduku kidogo kama kitabu, kinajua chenyewe betri ikishiba. Jua lilelile lililotuchoma utotoni, jana usiku liliniangazia barua zako zote. Nimeduwaa.

Dada, kile chumba changu unachokifagia kila wiki, mpe mjukuu wako.

Ni mimi kaka yako, wa huku.