Kifaa cha Mkandani

3 Machi

Mama shikamoo,

Hujambo? Mgongo bado unakusumbua pale cherehanini? Mimi mzima.

Jana Jumapili saa kumi jioni mapigo ya moyo wako yalitoweka kwenye kompyuta yangu hapa maabara. Nilidhani moyo umesimama, ndiyo maana nilikupigia simu nikilia. Kile kifaa cha kifuani tunachokijaribu kwako hurusha mawimbi, kile cha mkandani huyapokea na kuniletea huku. Sasa mwili wa mtu ni maji, na maji huyameza mawimbi. Hicho cha mkandani kiache mbele tumboni. Kisihamie mgongoni ukakilalia.

Kitinda mimba wako

14 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sijambo. Mgongo ni wa uzee, tumeshazoeana. Pole kwa hofu, nilipitiwa na usingizi nikakilalia. Lakini tuliongea dakika arobaini, ukacheka mpaka ukapaliwa! Unakula kweli wewe?

Mama yako

29 Aprili

Mama shikamoo,

Nakula, usinianze! Za kwako?

Tangu barua yako, kila Jumapili saa kumi mawimbi yanakatika, nami nakupigia mbio mbio. Mkuu wangu ameamua nikutumie kifaa cha pili, cha kuvaa mgongoni. Hata ulale vipi, kimoja kitashika. Simu za hofu zitakwisha.

Kitinda mimba wako

8 Mei

Mwanangu, hujambo?

Usikitume. Ile ya kwanza nilipitiwa kweli. Zilizofuata nilikilalia makusudi. Mawimbi yakikatika unapiga, tunaongea. Yasipokatika ni “mzima? dawa umemeza? haya,” basi. Tangu tumzike baba yako bila wewe, hujanipa hata robo saa kwa hiari yako. Nimekutamani mpaka nimekuwa mwongo uzeeni, kazi yako nimeiharibu. Nisamehe.

Mama yako

17 Mei

Mama shikamoo,

Natumaini u mzima. Mimi leo nina mengi.

Nilijua, Mama. Mtu akigeuka usingizini, mawimbi hupotea na kurudi ovyo. Yako yalikatika saa kumi kamili, kama mtu kazima taa. Nilijua tangu Jumapili ya tatu, nikajitia mjinga, nikapiga. Nami nilihitaji kisingizio. Tukiongelea moyo wako, hupati nafasi ya kuniuliza kwa nini sikuja kumzika Baba.

Kifaa cha pili sikukituma. Nakileta mwenyewe Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na likizo nimepewa mwezi mzima. Uniulize, Mama. Hata nikilia, wewe uliza tu.

Kitinda mimba wako