Udongo Juu ya Mlango

Baba,

Mwangaluka. Hii ni salamu ya asubuhi, na huko uliko sijui kama kuna asubuhi, lakini ulitufundisha kuanza na salamu hata kama una ugomvi na mtu. Sisi wazima. Mama anakula vizuri sasa, ingawa bado anasonga ugali wa watu wengi kuliko tuliopo. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa, na ndama ni jike.

Nakuandikia kwa sababu ya yale maneno ya juu ya mlango. Yametoka tena.

Kiangazi kilichopita hukuweza kupanda ngazi. Ulikaa uani ukayatazama, ukasema udongo wa mwaka jana bado una nguvu kidogo. Haukuwa nazo, baba. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya msiba wako, watu wamejazana chini ya turubai. Tulipokutoa ndani kwenda kukuzika, udongo wote ulikuwa umeteremka ukutani na herufi za sementi ziko wazi kama siku fundi alipozifinyanga: KWA NGUVU ZANGU. Ukapita chini yake umebebwa na wenzako. Nilimwona mchungaji akisoma, kisha akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Msimu mzima yamekaa hivyo. Juzi Masunga amekuja kutoka Mwanza, kule anakouza vipuri, akiwa na kopo la rangi ya bluu. Anataka kuyapaka yang'ae, kila apitaye barabara ya Nkoma ajue hapa aliishi mwanaume. Akaniambia, "Dada, baba alijenga nyumba ya bati wakati wenzake wanalala kwenye nyasi. Kwa nini tumfiche?"

Sikumkasirikia. Wakati nyumba inajengwa yeye alikuwa mgongoni kwa mama. Amekua akikuona unapaka udongo kila kiangazi, akadhani unaogopa macho ya majirani. Hukumweleza, baba. Wewe ulikuwa mwepesi wa kupaka na mzito wa kusema. Basi nikamkalisha nikamweleza mimi, na nikiwa nimetia chumvi mahali utanisamehe.

Nilimwambia habari za mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao. Tulizoea kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika na kusubiri malipo mpaka tuchoke. Ghafla watu wanakufuata nyumbani, wanakuita mzee, wanagombania mzigo wako. Ulipenda kutamka "soko huria" utadhani ni jina la mkwe mpya. Na kweli ulikuwa umelima. Jogoo walikukuta shambani, hilo hakuna wa kukunyima. Lakini kwenye ibada ya mavuno ulisimama, wewe mzee wa kanisa, ukasema, "Mvua ya Mungu imenyesha kwa wote. Pamba yangu ni nyingi kwa sababu mimi sikulala." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama alitazama viatu vyake mpaka wimbo ukaanza.

Kisha ikaja nyumba. Maji ya kufyatulia matofali yalitoka kwenye mashimo ya mchanga kule mtoni, juu ya vichwa vya wanawake wa kijiji, mayu Kabula, mama yetu wa jirani, akiwa mbele yao. Hakuna aliyewalazimisha, ndivyo nyumba zinavyojengwa kwetu. Ilipoisha ukamwita fundi ukamwambia cha kuandika. Mama alikuuliza kama una uhakika. Ukamwambia asome kwa sauti, aone yanavyopendeza.

Msimu uliofuata mgongo ukakushika katikati ya palizi. Tulikuleta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hukuweza kukaa wala kugeuka, na hospitali walisema tusubiri tu. Magugu yakapanda juu ya pamba, mtoto mgongoni, mama anakimbia huku na huku, na mimi nilisikia watu wakubwa wakinong'ona kwamba mwaka huu kwa huyu bwana ni njaa. Niliogopa sana, baba. Niliogopa utakufa.

Ndipo asubuhi moja tukasikia ngoma. Hukuwa umemwita mtu. Walikuja na majembe yao, wanaume na wanawake, wakaingia shambani kwako na nyimbo zao, wakapalilia mpaka jua likawa kali. Walipomaliza wakaja kukusalimia. Mlangoni mayu Kabula akasimama. Yeye hakusoma, unajua. Akaonyesha juu kwa kidole akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, wewe si uko darasa la tano? Hapo pameandikwa nini?"

Nami, kwa kutaka sifa, nikasoma kwa sauti ya mbele ya mwalimu. Dirisha lako lilikuwa hapohapo. Mayu Kabula akafuta tope la mikono kwenye kanga yake, akasema, "Haya, tuingieni tumsalimie mwenye nguvu."

Walicheka mno, na hakukuwa na ubaya katika kicheko kile. Wakaingia na miguu yao ya matope kwenye sakafu yako ya sementi, mmoja mmoja, mwadila, mwadila, pole mzee. Uliwaitikia wote umeugeukia ukuta. Walipoondoka nikakuletea maji, nikaona mto umelowa.

Jioni ulinituma Biblia. Ukanifanya nisome pale Musa anapowaonya watu wake wasije wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, halafu wakamsahau Mungu na kusema mkono wao ndio uliowapatia. Ulinisimamisha mara mbili. "Hata nyumba ameitaja," ulisema. "Hata ng'ombe." Sura hiyo ulikuwa umeihubiri wewe mwenyewe, ukidhani inawahusu Waisraeli.

Mgongo ulipokuachia, kabla hujagusa jembe, ulikwenda kwenye kichuguu ukachimba udongo, ukauchanganya na mavi ya ng'ombe, ukapanda ngazi mchana kweupe watu wakipita, ukapaka. Fundi alikuja akasema anaweza kuyabandua kwa patasi, kazi ya saa moja. Ulikataa. "Nikiyabandua nitasema kiburi nimekimaliza, na hicho kitakuwa kiburi kingine. Acha mvua iniumbue kila mwaka." Kuanzia hapo kila kitu kikawa Mungu akipenda. Hata ukienda chooni ulituaga kwa Mungu akipenda, mpaka mama akakuomba upunguze.

Nakushukuru, baba. Nakushukuru kwa ngazi ile ya mchana kuliko hata kwa ada uliyonilipia. Nikimkosea mume wangu ninaweza kusema nimekosa, watoto wakisikia, kwa sababu nilimwona baba yangu akisema bila kufungua mdomo, mikono yote imejaa mavi ya ng'ombe.

Masunga alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliweka kopo kivulini, akachukua jembe, akaelekea kichuguuni. Tulikuwa tumeshamwaga udongo uani ndipo mayu Kabula akatokea. Siku hizi anatembea kwa fimbo, na shingo haiwezi tena ndoo kubwa, lakini kichwani alikuwa na ndoo ndogo, imejaa. Akaniambia nimtue. "Nimewaona mkichimba," akasema. "Sasa udongo mngeukanda kwa mate?"

Nililia hapo, baba. Nililia kuliko siku ya kukuzika.

Nilipanda mimi, Masunga akashika ngazi. Kule juu kabisa, chini ya bati, mahali ambapo mvua haifiki, udongo wako bado upo, na ndani yake mistari ya vidole vyako. Niliweka vyangu humo vikaenea. Nikapaka herufi zote mpaka ilipoanzia hiyo mistari, hapo nikaacha.

Rangi ya Masunga imepakwa kwenye mlango wa choo, na umependeza. Mwakani anasema ngazi ni yake. Nami nakuahidi, maneno yako hayatang'aa wala hayatabanduliwa. Masika yatayafumua, kiangazi tutapanda na udongo, Mungu akipenda, na ndoo ya mayu Kabula nimeiomba ibaki kwetu.

Wabeja, asante, baba. Pumzika.

Mwanao,
Nkwimba