Tundu Lisilo na Kazi

Jumatano, Manundu. Mvua ndogo ndogo tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana. Naandika ili hasira zisiwaangukie wasiohusika.

Jana nilikwenda gulioni Handeni nikakuta mashine yetu inauzwa. Yetu, ila haikutoka kwetu. Ni ile ya mkono, ya kukatia muhogo vipande vyembamba vya kuanika, ambayo mume wangu, Baba Neema, aliibuni hapa kwenye karakana yetu ya kuchomelea. Hizo za gulioni zimetengenezwa ng'ambo, zimepakwa rangi ya kijani ya kuvutia, na kwa bei yake sisi hatupati hata chuma cha kuitengenezea.

Nilitaka kujidanganya kwamba watu wawili wamewaza jambo moja. Kisha nikaliona tundu.

Baba Neema alipotengeneza mashine ya kwanza alikosea kutoboa, tundu likabaki kwenye mguu wa kushoto bila kazi. Bibi Mwajuma, mkulima wa Handeni na mteja wetu wa kwanza, akalitumia kuning'inizia kitambaa chake cha jasho. Wenzake nao wakataka zenye tundu, tukaliacha. Sasa kiwanda kizima huko ng'ambo kinatoboa kosa la mume wangu.

Nilicheka pale pale. Halafu nikalia.

Maana namkumbuka aliyekuja kuipima. Mgeni mpole, akasifia kazi, akaomba kuchukua vipimo. Mimi nikamletea chai na magimbi. Baba Neema akamshikia ncha ya pili ya futi kamba.

Tungefanyaje? Kwetu fundi anayeficha kazi yake anaitwa mchoyo, na mchoyo hapati wateja. Nasikia kuna nchi ambazo mtu akibuni kitu anaanzia ofisi ya usajili, ndipo anawaonyesha majirani. Akishasajili, benki inamsikiliza, mwenye mtaji anamsogelea, kiwanda kinapanuka, na bidhaa inashuka bei mpaka inafika Handeni. Sisi tunaanzia kwa majirani na kuishia kwa majirani. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nami nilidhani wanazungumzia duka.

Lakini niseme ukweli. Tungeificha, isingekuwa mashine ya maana. Bibi Mwajuma ndiye aliyetaka miguu ifupishwe, akate muhogo akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Mpini wa kwanza ulikuwa unaumiza mkono, na ni yeye aliyeukataa mbele za watu, Baba Neema akabaki anajikuna kichwa.

Sasa ipo mpya, inayokata na kukamua maji kwa mkupuo mmoja. Tukiibiwa na hii, karakana tutaifunga, hilo hatufichani. Jana nilipomsimulia Baba Neema habari za gulioni, aliweka nyundo chini. Alitoka, akaifunika mashine kwa turubai. Sijawahi kumwona akifunika kazi yake.

Leo mchana Bibi Mwajuma kapiga simu.

"Mwanangu, nasikia kuna mpya. Kesho nakuja kuijaribu."

"Shikamoo bibi. Karibu," nikasema, na moyo ukaniuma kama nimemdanganya.

Nimezunguka jikoni jioni yote nikijiuliza. Tumfungie mlango aliyetufundisha kazi? Na tukienda kusajili, tuandike jina la nani?

Nimechungulia dirishani, nikaona kiraka cha bluu kwenye turubai. Kumbe hata turubai lenyewe ni la Bibi Mwajuma, alituazima tuanikie muhogo wetu. Nimeona aibu peke yangu.

Basi nimeamua, na Baba Neema kakubali. Kesho tutamfunulia Bibi Mwajuma peke yake, aijaribu, aseme kasoro zote. Kisha tutapanda basi la Dar kwenda kusajili kabla gulio halijaiona, na jina lake litaandikwa pamoja na la Baba Neema.

Wengine watasubiri. Wakituita wachoyo, nitawapa chai na magimbi. Futi kamba naificha.