Utando mweupe wa samaki wa mama mkwe

Jorien, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Sitoki!

Ni sherehe yake ya kuzaliwa. Viti vimepangwa duara kama kawaida, mimi nimewekwa uso kwa uso na tangi la samaki.

Unakumbuka ule utando mweupe wa samaki wake, niliomwambia kwa simu kuwa ni ukungu, apandishe joto la maji? Si ukungu! Ukungu una manyoya, huu umelala mgongoni kama tandiko. Ni bakteria, na joto ndilo linalowapa nguvu!

Samaki kumi na wawili, wamebaki wanne. WANNE.

Na mama mkwe anawatangazia wageni: “Mkwe wangu Tjitske ndiye daktari wa samaki wangu. Nimepandisha joto kama alivyosema.” Kama alivyosema!

Sasa anagonga: “Toka, mwanangu, keki inakungoja. Na jirani Sjoerd anakushukuru, naye amepandisha joto la tangi lake.”