Pole na Cheni

Nachingwea, Alhamisi, Julai 2008

Leo baridi imeamka kabla yangu. Upepo unaingiza vumbi mpaka ndani ya ofisi, na kila nikibonyeza herufi kwenye kibodi hii nasikia mchanga ukisagika. Goti la kushoto limevimba. Moyo nao haujatulia.

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Mama husema nilipozaliwa nilianza kwa kumkagua mkunga. Mtu akisifia sana mboga yangu, najiuliza anataka kuazima nini. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yapimwe kwa mizani hiyo, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe tu.

Kazi yangu ni ubibi shamba. Msimu huu wa kupulizia mikorosho salfa natoka hapa Nachingwea kwenda vijiji vya Ruangwa, nalala huko siku mbili tatu, narudi. Pikipiki niliyopewa ni ile ndefu ya porini, yenye matairi ya kashata, yale ya meno makubwa, na madigadi yaliyoinuka juu, inayokwenda lami na mchangani vilevile. Nikifika kwenye mchanga nasimama juu ya vikanyagio, nauachia usukani ucheze kidogo, na mashine inapita. Wanaume wanaonipisha njiani hugeuka kuangalia mara mbili.

Naipenda. Nimeshaandika, basi.

Ila huko porini ukiharibikiwa hakuna wa kumlilia. Fundi ni wewe na mkoba wako. Wangu naufunga nyuma ya siti: spana, plagi ya akiba, viraka na solusheni yake, pampu, waya wa klachi, na kichupa cha dawa nilichokigeuza kuwa ghala la vitu vidogo. Mkoba huo naupanga mwenyewe, halafu Salumu anaukagua.

Salumu ni mchumba wangu. Ana duka la spea sokoni, na kila kabla ya safari huichukua pikipiki, akaipaka cheni mafuta, akapekua mkoba kuona kama kuna pengo. Wenzangu ofisini wananionea wivu. Jumamosi hii mjomba wake anakuja na washenga kwa mama kuchukua jibu la posa. Kwao bila mjomba hakuna neno. Mama ameshatenga kuku.

Salumu hajawahi kunikataza kuendesha. Husema, "Mimi sina neno na kazi yako." Anasema hivyo akinipa chai, anasema hivyo tukiagana, alisema hivyo hata kwenye msiba wa jirani ambako hakuna aliyemuuliza. Mtu asiye na neno halirudiirudii.

Nilianza kushtuka mwezi uliopita. Nilipata pancha mbele ya Naipingo, nikafungua mkoba, solusheni niliyoinunua mpya ikawa imekauka kama kinyesi cha mbuzi. Nikasema labda mfuniko ulilegea. Safari iliyofuata waya wa klachi ukakatika. Ule wa akiba nikaukunjua pale chini ya mbaazi za watu, kumbe ni wa breki ya mbele, mfupi, haufiki popote. Salumu alicheka, akasema ni yeye aliyechanganya, duka lina nyaya nyingi. Mimi nikacheka pia.

Lakini nilibaki na hesabu yangu. Kila kinachokosekana mkobani ndicho hichohicho kinachoharibika njiani. Bahati mbaya huwa haina akili kiasi hicho.

Nilimshuku dereva wa ofisi. Nikamshuku mtunza stoo, maskini, nikaacha hata kumsalimia vizuri. Wote hao niliwaona wana sababu. Salumu sikumweka kwenye mstari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakagua nguo za watu.

Basi jana.

Nilikuwa natoka Chinongwe asubuhi. Nikiwa napanda kile kilima cha mchanga, gia ya pili, nikasikia mlio kama mtu amepasua sufuria. Gurudumu la nyuma likakaza, likaachia, nikaenda chini na goti. Cheni ilikuwa imelala nyuma yangu kwenye mchanga kama nyoka aliyegongwa.

Cheni ya pikipiki ina kiungio kimoja kinachofunguka, na kiungio hicho kinashikiliwa na kibanio kidogo chenye ukubwa wa ukucha. Kibanio hakikuwepo. Kinaweza kuchomoka chenyewe, hilo najua. Nikafungua kichupa cha dawa, ambamo kibanio cha akiba nilikitia kwa mkono wangu Jumapili. Vingine vyote vilikuwemo. Chenyewe hakikuwemo.

Hapo nikaogopa. Sikuogopa pori.

Mama mmoja wa Kimakua alikuwa anachimba mihogo karibu. Alikuja na jembe begani, akaniangalia, akaiangalia cheni.

"Bibi shamba, punda wako amefia kwangu leo?"

Nikamwamkia, nikamwomba kipande chochote cha waya. Akaenda kufungua mlango wa banda lake la kuku, akaniletea waya uliokuwa unaufunga. Nikamwuliza kuku je. "Watakaa," akasema. "Nimewaambia unarudisha."

Nilirudi nyuma nikifuata alama ya tairi, nikipekua mchanga kwa vidole mpaka nikakipata kiungio na kibati chake cha pembeni. Nikaunga cheni, nikakizungushia waya kwenye pini zake, nikakaza kwa koleo, nikaikunja ncha yake isikwaruze. Nikajaribu kusukuma. Ikashika. Nikaendesha polepole mpaka Naipingo nikisikiliza kila mlio, kama mtu anayelea mtoto mwenye homa.

Naipingo nilisimama kisimani. Nikanawa kwa mchanga na sabuni mpaka kucha zikawa nyeupe, nikavua suruali iliyochanika, nikavaa gauni na khanga. Sikutaka Salumu apate la kusema siku tatu kabla ya posa. Mjini nikaiacha pikipiki ofisini, nikaenda dukani kwake kwa miguu, nikijikaza nisichechemee.

Watu wa huku tunapeana pole kwa kila kitu. Pole na jua, pole na kazi, pole na wageni. Mimi nilitegemea pole na safari.

"Pole na cheni," akasema, akinisogezea stuli.

"Nimeshapoa," nikaitikia kwa mazoea, nikakaa.

Ilinichukua muda kulisikia alilolisema. Adabu yake ilikuwa imemtangulia. Sikuwa nimemwambia mtu. Yule mama hana simu, na kule mtandao mpaka upande kichuguu cha nyuma ya shule. Pikipiki hakuiona, mikono yangu ilikuwa inanukia sabuni. Nilitafuta mlango wowote ambao habari ingepitia ikamfikia kwa wema. Nilitaka sana niupate.

"Cheni gani, Salumu?"

"Si umesema imekatika?"

"Sijasema."

Akachukua plagi mpya, akaanza kuifuta kwa kitambaa. Ilikuwa haina vumbi. Nilimwachia muda akane. Angekana tu, hata kwa uongo mbovu, ningejitahidi kuamini.

"Njia ile si ya mwanamke, Asha," akasema bila kuinua macho. "Watu wanasema."

Sikuhitaji jibu jingine.

Nampenda. Niliposhikwa na malaria mwaka jana ni yeye aliyenipikia uji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Hilo ni kweli na linaniuma kuliko goti. Asubuhi nzima nimekaa hapa nikimtetea. Labda alitaka nichoke tu. Labda alidhani cheni itaanguka chini, nitasukuma, nitalia, nitairudisha pikipiki kwa bosi. Angeniambia tu kwamba hataki. Tungegombana, na mmoja wetu angeshinda.

Lakini yeye ni mtu wa spea. Anawauzia watu cheni kila siku. Anajua kuliko mimi cheni ikijifunga kwenye gurudumu la nyuma inamfanya nini aliye juu. Alijua hilo Jumatatu alipochuchumaa kando ya pikipiki yangu, akichomoa kibanio, akinitabasamia na kuniambia niende salama.

Na kama alitabasamu vile kwa ajili ya pikipiki, je, akiwa mume, na siku nikataka jambo jingine asilolitaka?

Cheni nitanunua Ruangwa. Waya wa yule mama nitaurudisha, na komeo jipya la lile banda. Hayo ni mepesi.

Jioni nampigia mama. Nitamwambia wageni wa Jumamosi wasipikiwe.