Dawa Iliyoandikwa Jina Langu

Mama Mutisya, mke wangu,

Niko na miaka sabini na minane. Nimepita nzige, nimepita ile njaa ya kula mizizi, nimepita vita vya Wazungu huko Burma, machifu watano, marais wawili, na kila daktari aliyeniambia niache chumvi. Nimekupita na wewe, na hiyo peke yake sikuitaka.

Kalamu hii naishika mwenyewe. Nilifika darasa la pili tu, lakini darasa la pili la wakati ule halikuwa mchezo. Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa umelala pale dirishani, siku zako za mwisho, hukuwa unaniulizia mimi. Ulikuwa unauliza, "Mume wangu mdogo amekula?" Nami nilikuwa nimesimama hapo na njaa yangu.

Unakumbuka vile ulivyonisumbua naye. Mutisya wetu alipopata kijana wa kwanza tulimpa jina langu, Mulwa, vile inavyotakiwa, na siku hiyo hiyo ukatangaza kwamba umepata bwana mwingine na huyu yuko na meno yanayoota. Akiangusha ghala la mahindi, unacheka. Akifungulia mbuzi wote, unacheka. Nikikasirika unaniambia, "Unamkasirikia nani na huyo ni wewe? Wewe mama yako alikuwa anakufunga kamba kiunoni ukae mahali pamoja." Nilikuambia ni uongo. Bado nasema ni uongo.

Basi sikiliza yaliyompata baada ya wewe kwenda.

Alipoingia shule, mwalimu alimrudisha. Akamrudisha tena. Ati anaandika nusu ya herufi, halafu anatoka kwa dirisha kuangalia ndege. Walimchapa mpaka fimbo zikaisha kwenye ua, na yeye anasahau kuchapwa kabla hajakaa chini. Wengine walisema amerogwa. Mchungaji alitaka kumwombea mbele ya watu wote, nikamwambia aanze na mtoto wake anayeiba sadaka. Mimi nilimshuku mwalimu. Nilisema mtoto wa Mulwa hana kasoro, anataka kazi tu. Nikampa mbuzi achunge. Mbuzi walirudi wenyewe. Yeye aliletwa na dereva wa lori kutoka soko la Ekalakala, kwa maana kijana alikimbilia barabara kufuata karatasi iliyopeperushwa na upepo. Gurudumu lilisimama karibu na mguu wake. Mama yake, Ndanu, alikaa chini mchangani.

Hapo nikajua tunaweza kumzika huyu.

Ndanu alimpeleka kwa mtu mmoja wa koti jeupe, mwenye kiduka cha dawa sokoni. Akapewa vidonge. Mama Mutisya, kijana alitulia. Alikaa. Alilala juu ya sahani ya mahindi ya muthokoi na mate yanatoka. Mwalimu akafurahi, akamwambia Ndanu, "Sasa ni mtoto mzuri." Maneno hayo ndiyo yaliniamsha. Unajua nimeuza ng'ombe kwa miaka mingi, na hakuna mtu kati ya Kivaa na Ndithini aliyewahi kuniuzia fahali mbaya. Kuna wauzaji humpa fahali mkali kitu, asimame sokoni kama kondoo. Mnunuzi anamshika pembe, anasema huyu ni mpole. Kesho yake mbavu zimevunjika. Mimi huangalia jicho. Fahali aliyepewa kitu, jicho lake haliko nyumbani. Nikaangalia jicho la kijana. Halikuwa nyumbani. Nikachukua vile vidonge nikavitupa chooni, na Ndanu akalia, na mimi nilikuwa sahihi.

Lakini kuwa sahihi hakukumweka darasani. Mwalimu mkuu alisema akiendelea hivi asirudi kabisa.

Mutisya akauliza watu wa kiwandani kwao Athi River, wakamtajia daktari wa watoto huko Nairobi. Ndanu akaenda na mtoto, akarudi bila kitu. Unajua kwa nini? Daktari alimuuliza, "Mama, mtoto anaitwa nani?" Na Ndanu angesemaje? Jina la baba mkwe halitoki kinywani mwake. Nyumbani humwita "Baba" na sisi wote tunaelewa. Daktari akauliza tena, yeye akaangalia sakafu, kijana ameshakimbilia nje, na kitabu cha kliniki Ndanu alikisahau nyumbani. Wakafikiri mama ndiye mgonjwa. Kwa hivyo ikabidi niende mimi, nitaje jina.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Akaniuliza, "Mzee, mtoto anaitwa nani?"

"Mulwa."

"Na wewe?"

"Mulwa."

"Mtoto ni nani wako?"

"Ni mimi."

Akaweka kalamu chini akacheka, si kwa dharau. Alimchezesha kijana, akamuuliza hili na lile, akatuambia akili yake ni nzima, ila kila sauti inamwita na yeye anaitika zote. Akasema kuna dawa, inaamsha ile sehemu ya kichwa inayoshikilia jambo moja. Nikamwambia, "Daktari, mtoto halali, hakai, halafu unampa dawa ya kuamsha? Unaongeza kuni ili moto uzime?" Akasema ndiyo, kwa watoto kama huyu ni hivyo. Halafu akaniuliza kama mimi nilikuwa hivi utotoni. Nikamwambia hapana. Usicheke.

Sikumwamini. Mtu akikubali haraka hivyo ujue anaficha. Tulipofika nyumbani nikaangalia ile bahasha ndogo ya dawa. Imeandikwa Mulwa. Nikasema kama ni ya Mulwa, basi Mulwa mkubwa aonje kwanza. Asubuhi nikameza.

Nzioka mchinjaji alikuja kuulizia beberu. Wanasema nilianza kuongea kabla hajashuka kwa baiskeli. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi. Nilimweleza Burma yote, na njia ya kurudi. Nikabomoa boma la mbuzi nikaanza kulijenga upya huku naongea. Sikutaka chakula, mimi. Mwishowe akaniuliza, "Mulwa, leo umekunywa nini?"

"Dawa ya mtoto."

"Na mtoto amekunywa nini?"

Ndanu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Aliiweka chini. Akasema, "Mulwa si wewe peke yako. Jina ni lenu wawili. Ugonjwa ni wake."

Alitaja jina langu, Mama Mutisya. Mbele ya Nzioka. Halafu akafunika mdomo kwa mikono miwili, na Nzioka akaangalia pembeni kama mtu aliyeona uchi. Mzee mwingine angedai mbuzi wa faini saa ileile, na angepewa. Mimi nilikumbuka alivyokaa mchangani ile siku ya lori. Nikaingia ndani nikaleta bahasha nikampa.

Haikuwa rahisi hata hivyo, usidhani nilishindwa. Dawa ilimkatalia chakula, akakonda, jioni analia bila sababu. Nikasema si niliwaambia. Tukarudi Nairobi, daktari akapunguza, akasema ale kwanza ndipo ameze. Baadaye akapunguza kidogo tena. Na mimi kila siku naangalia jicho. Nilitupa jiwe nyuma yake, akageuka. Nilimwita kwa sauti ya chini, akaitika. Jicho lilikuwa nyumbani.

Siku moja Ndanu alimpa mbaazi za kubambua. Nikakaa kwa kiti changu nione ataondoka lini. Kuku alipita, akamtupia ganda, akarudi kwa kazi. Pikipiki ilipita, akaiangalia mpaka ikapotea, akarudi kwa kazi. Akamaliza kikapu, Mama Mutisya. Sijawahi kumwona huyo akimaliza kitu chochote duniani. Akaniangalia mimi babu yake akasema, "Umau, kwani wewe huchoki kunichunguza?"

Nikamwambia sichoki, na sitachoka. Hata leo simwamini yule daktari kabisa. Kidonge nakitoa mimi mwenyewe baada ya uji, nakigeuza, naangalia ni kilekile cha jana. Yuko shuleni na mwalimu hamrudishi. Jioni nguvu ya dawa ikiisha anaruka ua, anakimbiza mbwa, anaongea mambo manne kwa pamoja, na Ndanu anaomba nimtulize. Mimi namwacha. Hiyo saa ni yako. Najua ungetaka kuona kama hatujakubadilishia bwana, na mimi ndiye naangalia kwa niaba yako. Hatujambadilisha. Ungekuwapo, angekuja pale dirishani kukuangushia maji ya kunywa, na wewe ungecheka.

Amekula, kama bado unauliza. Amekula ugali na sukuma, akaomba tena.

Kama unaona nimejisifu kupita kiasi, muulize Nzioka. Alikuja huko kwenu baada ya mvua za juzi, kifua kilimzidi, na siku ile ya boma alikuwa hapa, alisikia kila neno. Shahidi mwingine ni Ndanu. Lakini huyo tuachie huku kwanza, mtoto bado anamhitaji.

Lala vizuri.

Ni mimi, mume wako wa kwanza.