Chupa za Fatuma

Gitega, Jumanne

Tuligawiwa sawasawa, hilo silikatai. Bwana alileta toka mpakani Kobero dawa ya watoto, ule unga wa chupa wa kuchanganya na maji: nusu duka langu, nusu la Fatuma, mke mwenzangu wa Muyinga. Yangu imeganda. Bati za duka langu hapa mtaa wa Yoba zinachoma, chembe za unga zinalainika, zinashikana, maji hayaziyeyushi tena.

"Mwenzako anajua kutunza," eti bwana. Nyumba ya Fatuma iko na vigae, haina joto!

Leo nimeenda kwa Fatuma, Muyinga, nikatikisa chupa zake moja moja, nikiomba hata moja igonge kama jiwe. Hakuna.

Fatuma akanisogezea chupa. "Chukua nusu, dada. Na vita hivi, watoto wa Gitega watapata wapi?"

Nimechukua. Humu nyumbani mwangu penye baridi ni chini ya kitanda tu, nimezipanga huko. Basi nalala juu ya wema wa Fatuma.